Kuchagua vipuri na kuifunga baiskeli ya trayali ya mtaani

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki: ninunue ya inchi ngapi, friwili (kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke bila pedeli) ikae mbele au nyuma, breki za diski au za ringi, na je, ile baiskeli ya milimani ya inchi 26 ya mtumba itafaa? Majibu yamo humu, yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Ukiiruka hatua ya 2 ukakimbilia rangi ya usukani, utalipa mara mbili.

Tuelewane kwanza tunazungumzia baiskeli gani. Baiskeli ya trayali ya mashindano mara nyingi haina kiti, krenki zake (mikono inayobeba pedeli) ziko juu sana kuliko mstari wa ekseli, na imeundwa kwa ajili ya kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Ya mtaani ni binamu yake. Inapanda ukuta kama ile, lakini pia inazungushwa hewani, inakwenda kwa gurudumu la nyuma peke yake, inarudi kinyumenyume na kushuka ngazi. Aliyeitangaza zaidi duniani ni Danny MacAskill, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, kwa video ya mwaka 2009 iliyopigwa Edinburgh akiwa juu ya baiskeli ya kampuni ya Inspired ya inchi 24. Wengi hununua vipuri vya mashindano kwa sababu tu vimeandikwa "trayali", halafu hushangaa baiskeli inagoma kuzunguka. Vipuri si vibovu. Vimenunuliwa kwa kazi nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Spana za alenki za milimita 4, 5, 6 na 8, bisibisi ya nyota T25, spana ya 15 (pedeli na nati za ekseli).
- Kifaa cha kukatia cheni. Nyundo na msumari vinaweza kuitoa pini, ila kuirudisha sawasawa ni kubahatisha, na cheni ndiyo kitu cha mwisho cha kubahatisha hapa.
- Rula ya chuma yenye inchi na milimita, na pampu yenye mshale wa kipimo cha upepo.
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza. Kama huna, azima kwa fundi wa pikipiki, lakini hakikisha inashuka hadi Nm 5. Nyingi za magari zinaanzia juu mno.
- Grisi, vitambaa safi, na spiriti ya kusafishia diski.
- Helmeti, glavu na kinga za ugoko. Pini za pedeli zinachana ugoko mpaka kwenye mfupa, na hilo hutokea wiki ya kwanza, si mwaka wa tatu.

Hatua ya 1: Chagua ukubwa wa gurudumu

Una chaguo mbili za kweli: inchi 24 na inchi 26. Ile ya 20 ni ya mashindano.

Inchi 24 inazunguka kwa urahisi, gurudumu ni dogo na imara, na baiskeli inanyanyuka haraka. Inchi 26 inapita vizuri kwenye mashimo, inabaki na mwendo zaidi, na inamfaa mtu mrefu, tuseme kuanzia sentimita 180. Kwa anayeanzia Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kuna jambo jingine la kuzingatia: tairi na tyubu za 26 utazipata kila duka la baiskeli, ila tairi za 24 zilizo madukani kwa kawaida ni za baiskeli za watoto, nyembamba na laini. Ukichagua 24, agiza tairi mbili za akiba pamoja na baiskeli.

Tahadhari. "Inchi 26" si kipimo kimoja. Unayoitaka ina namba 559 ubavuni mwa tairi (kwa mfano 57-559). Ile yenye 590 ni ya baiskeli za kizamani na haiingii. Vivyo hivyo kwa 24: unataka 507, si 540 wala 547. Soma namba ubavuni, usisome kibandiko.

Hatua ya 2: Amua pesa ziende wapi

Mpangilio ni huu: habu (kitovu cha gurudumu) au friwili kwanza, breki pili, cheni na krenki tatu, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na usukani nne. Vingine vyote vinaweza kuwa vya bei nafuu. Sababu ni rahisi. Unaposimama juu ya gurudumu la nyuma na kupiga pedeli, uzito wako wote umening'inia kwenye vidole vidogo vya chuma ndani ya friwili. Vikiteleza, kifua kinakutana na stemu, ile shingo inayoshika usukani.

Hatua ya 3: Friwili ya mbele au habu ya nyuma

Hapa tutakaa kidogo.

Friwili ya mbele hufungwa kwenye krenki, na habu ya nyuma haina friwili kabisa. Ndiyo desturi ya mashindano, na ni njia ya bei ndogo ya kupata pointi nyingi za kudaka, yaani mahali ambapo vidole vya friwili hushika katika mzunguko mmoja. Ubaya wake ni kwamba cheni inazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, hata ukiwa hupigi pedeli. Suruali pana, kamba ya kiatu, kidole cha mtu anayesafisha cheni huku gurudumu linazunguka: vyote vinavutwa ndani.

Habu yenye friwili ndani yake ndiyo inayowafaa wengi wa mtaani. Cheni inatulia, na krenki inaweza kuwa ya kawaida.

Linganisha pointi za kudaka kwa hesabu, usiamini maneno ya muuzaji. Kwa friwili ya mbele, gawanya 360 kwa idadi ya pointi. Kwa habu ya nyuma, gawanya 360 kwa pointi, kisha gawanya tena kwa uwiano wa gia. Jibu ni nyuzi ambazo pedeli inakwenda bure kabla haijadaka.

Mfano: habu ya kawaida ya pointi 18 kwa gia ya 22 mbele na 16 nyuma (uwiano 1.375). 360 ÷ 18 = 20, na 20 ÷ 1.375 = nyuzi 14.5. Hiyo ni nyingi mno. Kila mruko utaanza na pengo, na kila pengo linaishia kwa kishindo juu ya vidole vya friwili. Habu ya Hope Pro 4 yenye pointi 44 inakupa takriban nyuzi 6 kwa gia ileile. Habu ya pointi 72 inakupa 3.6. Friwili ya mbele ya pointi 72 inakupa 5 kamili, na ya 108 inakupa 3.3.

Lenga nyuzi 6 au pungufu. Chini ya 3 pesa inapanda haraka kuliko faida.

Tahadhari kwa wenye baiskeli za mtumba. Habu za nyuma ambazo friwili yake hukazwa kwa nyuzi kama za skrubu, zile za gia sita au saba, zina ekseli ndefu isiyoegemea beringi upande wa cheni. Ukidondoka nazo kutoka ukuta wa nusu mita mara kwa mara, ekseli inapinda, halafu inakatika. Kubadilisha ekseli hakusaidii, maana tatizo liko kwenye muundo wa habu. Itumie kujifunza kusimama bila kutembea na kuruka ukingo wa barabara, basi.

Hatua ya 4: Fremu na foku

Vipimo viwili ndivyo vya kuuliza. Cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya krenki hadi ekseli ya nyuma, tuuite mkia. Fremu nzuri ya mtaani ina mkia wa takriban milimita 350 hadi 380. Baiskeli ya milimani ina 420 na zaidi, ndiyo maana inasema "hapana" kila unapovuta kuinyanyua. Cha pili ni kimo cha krenki kulinganisha na mstari wa ekseli. Krenki zikiwa juu kidogo ya mstari huo, kusimama kwenye gurudumu la nyuma kunakuwa rahisi. Zikiwa juu mno, kama za mashindano, baiskeli inataka kukurusha mbele unapokwenda kwa kasi, na kuiendesha kwa gurudumu la nyuma bila kupiga pedeli kunakuwa kazi ya sarakasi.

Ukiangalia fremu iliyotumika, ifute kwanza. Uchafu huficha ufa. Pitisha kucha kwenye maungio ya shingo ya fremu, chini ya bomba la chini, na mahali kalipa ya nyuma (kibano cha breki ya diski) inapofungwa. Mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka kwenye alumini uchukulie kuwa ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Alumini iliyopasuka haichomelewi ikarudi kama ilivyokuwa, achana nayo.

Foku iwe ngumu, isiyo na springi. Lakini usichukue foku fupi ya trayali ukaichomeka kwenye fremu iliyoundwa kwa foku ya springi. Kila milimita 20 unazopunguza mbele zinasimamisha pembe ya shingo kwa takriban nyuzi 1, na zinashusha krenki. Ukipunguza milimita 80 umetengeneza baiskeli inayopiga mwereka. Kama fremu iliundwa kwa springi ya milimita 100, tafuta foku ngumu yenye urefu wa takriban 440 kutoka ekseli hadi chini ya shingo.

Hatua ya 5: Breki

Mbele ni diski, milimita 160, ya kukamatwa kwa kidole kimoja. Hakuna mjadala wa maana hapo.

Nyuma ndipo watu hugombana. Breki ya ringi ya mafuta kama Magura HS33, ikiwekwa kwenye ringi iliyokwaruzwa kwa grainda, inakamata papo hapo na haichezi hata unywele. Ila inapiga kelele, inakula pedi, na ringi ikipinda kidogo tu inaanza kugusa. Diski haijali ringi iliyopinda. Kwa mtaani, ambako unadondokea ubavu baada ya kuzunguka na ringi zinapinda, chagua diski ya 160 au 180. Utahisi mchezo mdogo wa pedi ndani ya kalipa unaporukaruka kwa gurudumu la nyuma, utauzoea.

Kama mafuta na vifaa vya kutolea hewa ni shida kupata ulipo, Avid BB7 ya waya ni chaguo la heshima. Weka waya mpya na ganda lisilobonyea, na fundi yeyote ataiweza.

Tahadhari kubwa: Magura na Shimano hutumia mafuta ya madini. Hope hutumia DOT 4 au 5.1, yaani yale ya breki za gari. Ukiyakosea, mipira ya ndani inavimba na breki nzima ni ya kutupa. Soma kifuniko cha mkono wa breki.

Kufunga: bolti za diski Nm 4 hadi 6, kaza kwa mtindo wa nyota. Legeza bolti mbili za kalipa, kamata breki kwa nguvu, kaza bolti hizo Nm 6 hadi 8 ukiwa bado umekamata. Kisha zifundishe pedi: kimbia hadi kasi ya kawaida ya baiskeli, punguza mpaka mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, rudia mara 20 hadi 30 kwa kila breki. Wanaoiruka kazi hii ndio wanaolalamika kwamba breki mpya hazishiki.

Hatua ya 6: Gia na cheni

Kwa 24, anza na 22 mbele na 16 nyuma: kila mzunguko wa pedeli unakupeleka kama mita 2.7. Kwa 26, 22 na 18, au 18 na 15, zote zinakupa mita 2.5 na kitu. Gia nzito inakupa kasi ya kukimbilia mruko, lakini mpigo wa pedeli ukiwa umesimama unakuwa mzito. Ukiona miguu inazunguka bure kabla hujafika ukutani, punguza jino moja nyuma.

Kama habu yako ni ya kaseti (sproketi, yaani magurudumu ya meno, huchomekwa juu ya ganda lake) na ganda hilo ni la alumini, weka sproketi yenye kitako kipana. Zile nyembamba zilizotolewa kwenye kaseti ya kawaida zinachimba mifereji kwenye ganda.

Pima mstari wa cheni. Mbele: kutoka katikati ya bomba la kiti hadi kwenye meno ya sproketi. Nyuma, kwa habu ya milimita 135: pima kutoka uso wa ndani wa mdomo wa fremu (mahali ekseli inapoingia) hadi kwenye meno, kisha toa jibu kwenye 67.5. Namba hizo mbili zisitofautiane zaidi ya milimita 2. Hamisha pete za kujazia pembeni mwa sproketi ya nyuma mpaka zikubaliane.

Cheni yenyewe inunuliwe mpya, ya jina linalojulikana. Ile nene ya KMC ya Z510HX imetumika sana. Usiunge kwa klipu ya springi. Unga kwa pini, ikunje kushoto na kulia mpaka kiungo kilegee, kisha angalia kwamba pini imetokeza sawa pande zote mbili.

Midomo ya nyuma ikiwa ya mlalo, vuta gurudumu nyuma mpaka cheni icheze milimita 10 juu na chini katikati, halafu kaza. Zungusha krenki mzunguko mzima, maana kila cheni ina mahali inapobana zaidi, pima hapo. Ikiwa midomo inaangalia chini, utahitaji kivutio kinachosukuma cheni kwenda juu, ili ishike meno mengi zaidi ya sproketi ya nyuma. Usitumie kibadilisha gia cha zamani kama kivutio. Springi yake ni dhaifu, na kinaning'inia mahali penyewe pa kugonga ukuta.

Hatua ya 7: Krenki na pedeli

Urefu wa 170 au 175. Pedeli za nyuzi za inchi 9/16 kwa krenki za vipande vitatu. Zile za 1/2 ni za krenki za kipande kimoja, na krenki za kipande kimoja hazifai kazi hii. Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume. Paka grisi nyuzi zote mbili, anza kwa vidole, na ikigoma usilazimishe. Bolti za krenki hukazwa kwa takriban Nm 40, yaani zaidi ya wengi wanavyothubutu.

Weka ngao ya kulinda sproketi. Cheni ikigonga ukingo wa zege mara moja tu, kiungo kinapinda, na kiungo kilichopinda hukatika siku nyingine kabisa, ukiwa juu.

Hatua ya 8: Usukani na stemu

Usukani wa upana wa milimita 720 hadi 740, wenye kunyanyuka. Stemu ya 24 iwe fupi, 26 iwe ndefu kiasi, zote zikiwa na mwinuko. Simama juu ya pedeli zikiwa sawa, magoti yamelegea. Kama mgongo umeinama na uzito uko kwenye viganja, stemu ni ndefu au iko chini. Kama gurudumu la mbele linanyanyuka lenyewe ukivuta kidogo tu, ni fupi mno.

Ukikata usukani, kata milimita 5 kila upande kisha endesha wiki moja. Kilichokatwa hakirudi.

Mikono ya breki iwe imelala kuliko ya baiskeli ya milimani, kama nyuzi 20 hadi 30 chini ya mlalo, ili kiwiko na kifundo visikunjike unapokaa nyuma juu ya gurudumu. Bolti za stemu Nm 5 hadi 6, au namba iliyochapwa juu yake. Kaza kwanza kifuniko cha juu mpaka mchezo wa beringi za shingo uishe tu, ndipo ukaze za pembeni. Wengi hukaza kifuniko kama nati ya lori na kuziua beringi.

Hatua ya 9: Tairi na upepo

Upana wa 2.4, vitufe vifupi na vya karibu. Maxxis Holy Roller inapatikana kwa 24 na 26. Kwa mwendeshaji wa kilo 65 hadi 75, anza na psi 35 mbele na 40 nyuma. Wa mashindano hujaza pungufu ili tairi iukumbatie mwamba. Wewe unadondokea kwenye kona za zege. Ringi zenye matundu zinahitaji kitambaa kigumu cha ndani, si mkanda wa umeme.

Baada ya siku ya pili ya kuendesha, pitia kila bolti na ukaze spoki zilizolegea. Magurudumu mapya hulegea; si dalili ya ubovu.

Mambo yakienda mrama

Cheni inaruka. Weka jicho kwenye meno na mwombe mwenzako akanyage pedeli, breki ikiwa imekamatwa. Cheni ikipanda juu ya meno, imechakaa au imelegea. Pima viungo vyenye inchi 12 kwa rula: pini ikipita alama kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni, na sproketi ya nyuma pamoja nayo. Ikiwa cheni imetulia lakini krenki inaruka kwa mlio wa "tak", ni vidole vya friwili. Fungua, safisha, weka mafuta mepesi. Grisi nzito huvigandisha vidole visitoke kwa wakati. Usiendeshe mpaka uone chanzo.

Diski inalia na haishiki. Imeguswa na mafuta, mara nyingi yale ya cheni yaliyopulizwa kwa kopo. Safisha diski kwa spiriti. Pedi zilizonyonya mafuta hazisafishiki, nunua nyingine. Cheni ipakwe tone kwa tone, kamwe isipulizwe.

Mkono wa breki unabonyea kama sponji. Kuna hewa ndani. Toa hewa kwa mafuta sahihi, na toa pedi kabla ya kuanza ili zisilowe.

Gurudumu la nyuma linasogea upande wa cheni. Rangi kwenye midomo ya fremu inateleza. Ikwangue mahali nati inapokaa, weka vivutio vya cheni, kaza Nm 35 hadi 40.

Tyubu ina matundu mawili yanayotazamana. Umeibana kati ya ringi na ukuta. Ongeza psi 5 nyuma.

Krenki inacheza kwenye ekseli ya pembe nne. Ikiendeshwa ikiwa imelegea, shimo lake limeshatanuka, na kukaza hakutaliponya. Badilisha huo mkono wa krenki leo.

Usukani unalia ukivuta. Fungua kifuniko cha stemu, futa mchanga, angalia kama kuna mkwaruzo mkavu unaozunguka usukani, rudisha bila grisi. Ukiona ufa, hata mdogo wa urefu wa punje ya mchele, ukate usukani katikati kwa msumeno ndipo uutupe, asije mtu akauokota na kuufunga.